Timbuktu, The Hague na Kaburi la Bibi

Tarehe 27 Septemba 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimhukumu mwanamume mmoja wa Mali kifungo cha miaka 9 kwa kubomoa makaburi. Hakushtakiwa kwa kuua wala kwa kutesa. Mashtaka yalihusu majengo 10 ya mji wa Timbuktu: vijumba tisa vya makaburi ya watu wema, na msikiti wa Sidi Yahya ambao mlango wake ulivunjwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kuendesha kesi nzima juu ya kuharibu majengo ya dini na historia. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa mshtakiwa wake kusimama na kukiri kosa.

Wakati ule nilikuwa nimekaa dawati la habari za kimataifa katika gazeti moja la Dar es Salaam. Nilifasiri habari ile, nikaifupisha ikawa aya sita, ikatoka ukurasa wa ndani. Jirani yangu wa dawati akauliza, “Yaani mtu anafungwa miaka 9 kwa ajili ya udongo?” Sikumjibu. Nyumbani kwetu Tanga tulikuwa na mwezi wa sita tukigombana juu ya udongo huohuo.

Nianze na wa kule. Timbuktu tunaisikia zaidi kwa miswada yake, na sisi watu wa vitabu hupenda kuishia hapo. Lakini wenyeji wenyewe huuita mji wa mawalii 333. Mawalii hao walikuwa masheikh, makadhi na walimu, na baadhi yao walijengewa vijumba vya udongo juu ya makaburi. Watu huenda kuwazuru, husoma Qurani, humwomba Mungu mvua na watoto. Mwaka 2012 mji ulitekwa na wapiganaji wa Ansar Dine na wenzao wa tawi la al-Qaeda la Afrika Kaskazini. Tarehe 28 Juni UNESCO ikautia mji katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tarehe 30 zikaanza kupigwa sululu.

Mtu aliyesimamia kazi ile anaitwa Ahmad al-Faqi al-Mahdi. Si mgeni aliyetoka mbali. Ni mtu wa eneo lile, mwalimu kwa taaluma, aliyepewa uongozi wa Hisba, yaani kikosi cha kuamrisha mema na kukataza maovu. Kilichonishika katika hukumu yake ni jambo moja ambalo sikuweza kulitia katika aya zangu sita. Viongozi wake walipomtaka ushauri, aliwaambia vile vijumba visiguswe. Alisema hivyo huku akiamini kabisa kwamba sheria ya dini inakataza kujenga juu ya makaburi. Aliona tu kwamba kuvibomoa kutaharibu uhusiano na wenyeji. Amri ilipotoka, akakubali. Akaandika hotuba ya Ijumaa ya kuhalalisha, akapanga kipi kianze na kipi kifuate, na mahali pengine akashika zana mwenyewe. Mlango wa Sidi Yahya, ambao watu walisimuliana kwamba ukifunguliwa ndiyo Kiama, ukavunjwa ili wajue kwamba ni ushirikina.

Sasa ya kwetu.

Bibi yangu, mama yake mama, alifariki Machi 2016. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ziara. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikwenda Tongoni, kama kilomita 20 kusini mwa Tanga kwa njia ya Pangani, na mara nyingi alinichukua. Msomaji ambaye hajafika Tongoni ajue kwamba ni gofu la msikiti wa karne nyingi, limezungukwa na makaburi ya mawe ya matumbawe, baadhi yake yakiwa na nguzo ndefu. Zamani nguzo hizo zilipachikwa mabakuli ya kauri yaliyosafiri kutoka China. Siku hizi nguzo nyingi zimeanguka, na mabakuli yamebaki matundu tu. Serikali inapahifadhi kama mahali pa mambo ya kale. Kwa Bibi palikuwa mahali pa kufukiza ubani, kunyunyiza marashi, kusoma Yasini na kuwaombea waliolala pale, ambao majina yao hakuwa anayajua hata mmoja. Nilipomuuliza utotoni kama anawaomba wafu, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. “Namwomba Mungu, mjukuu wangu. Hawa nimewajia kuwaamkia tu.”

Kaka yangu alirudi kutoka masomoni Madina mwaka 2011. Hakumtukana Bibi hata siku moja, na hili lazima niliseme kwa haki yake. Alimpigia magoti kumsalimu kama zamani. Lakini safari za Tongoni aliacha kuzisindikiza, na ubani ukifukizwa ndani yeye hutoka barazani. Bibi alikuwa akicheka: “Kaka yako moshi unamwingia machoni.”

Alipofariki, wanaume wakaenda kuzika, sisi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo desturi yetu ya pwani. Ugomvi ulianza siku ya arobaini. Mama na mama mdogo walitaka kaburi lijengewe kwa saruji na kuwekwa kibao chenye jina. Kaka akasema haiwezekani. Kaburi liinuliwe kiasi cha shibiri, udongo wake urudishiwe, basi. Wajomba wakagawanyika. Mmoja alisema saruji ni heshima. Mwingine alisema saruji ni mzigo kwa maiti.

Nilimpigia Kaka simu usiku ule. Nakumbuka mazungumzo yale kwa sababu hayakuwa ya ukali.

“Mdogo wangu, mimi sikutunga. Mtume amekataza kupiga lipu makaburi na kuyajengea. Hadithi iko kwa Muslim. Riwaya nyingine inataja na kuyaandika. Unataka nifanye nini?”

“Kaka, wewe ulimzika. Unajua yuko wapi.”

“Najua.”

“Mimi sijui. Mama hajui. Mwanangu hatajua. Mvua za masika mbili, na wewe mwenyewe utaanza kuhesabu minazi.”

Akanyamaza. Kisha akasema jambo nililokuwa nikilitegemea, kwamba hata mwanamke kuzuru makaburi kuna khilafu ya wanazuoni. Nikamwambia khilafu ninaijua, na Bi Aisha kulizuru kaburi la kaka yake ninakujua pia. Tukaagana vizuri. Ila sikulala.

Hapo ndipo habari ya Al-Mahdi ilipoacha kuwa habari ya Mali. Katika mambo ya fikihi, Kaka yangu na yule mwalimu wa Timbuktu walikuwa wanasoma ukurasa mmoja. Na ukurasa huo haukuandikwa na magaidi. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani tangu babu na babu, yanachukia kujengea kaburi, na katika makaburi ya wakfu yanayotumiwa na umma yanakataza, kwa sababu jengo la mmoja hula nafasi ya wengine. Anayesema ubomoaji wa Timbuktu “hauna uhusiano wowote na dini” anajirahisishia. Una uhusiano. Kuna hadithi, kuna vitabu, kuna watu wakweli wanaoamini hivyo na hawajamgusa mtu.

Swali langu likawa, ikiwa hukumu ni moja, mbona Kaka yangu alitoka barazani na yule mwingine akachukua sululu?

Nimelifikiria kwa miaka, na jibu langu linaanza na vitabu hivyohivyo. Wanazuoni waliozungumzia kuondoa ovu kwa mkono hawakumpa kila mwenye mkono ruhusa. Waliweka masharti, na mojawapo ni kwamba usiondoe ovu kwa kuleta ovu kubwa zaidi. Al-Mahdi alilijua sharti hili, na ndiyo maana ya ushauri wake wa kwanza. Alichokosa ni mahali pa kusimama baada ya wakubwa wake kuukataa ushauri ule. Mji ulikuwa wa wenye bunduki. Maimamu walikuwepo, wazee walikuwepo, na familia zilizoshika funguo za vijumba vile kizazi baada ya kizazi zilikuwepo, lakini hakuna aliyeweza kumwambia mwenye bunduki, “Bwana, hili lina khilafu.”

Sisi huku tumebishana juu ya jambo hilihili kwa karibu miaka mia, na tumebishana sana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, na mila za makaburini zilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigia kelele. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, yule tuliyesoma tafsiri yake ya Qurani, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika dhidi ya bidaa bila kumung’unya maneno. Upande wa pili, Lamu iliendelea na Maulidi yake ya Msikiti Riyadha, na ziara ya kaburi la Habib Saleh, aliyefariki 1935, inaendelea mpaka leo. Watu walijibizana kwa vijitabu, kwa mashairi, kwa darsa za baada ya Magharibi, siku hizi kwa sauti za WhatsApp. Wamenuniana misikitini, wengine wamehama na kujenga msikiti wao mtaa wa pili. Ila mwenye hoja alilazimika kumshawishi mwenzake, maana nguvu ya kumlazimisha hakuwa nayo.

Sisemi pwani yetu ina kinga. Kusini mwa Somalia ndiko alikotoka Sheikh Uways wa Barawa, aliyeieneza Qadiriyya mpaka Zanzibar na Tanganyika. Watu wa kule ni ndugu zetu kwa dini, kwa tariqa na kwa biashara. Al-Shabaab walipoishika nchi ile, makaburi ya masheikh wa kisufi yalibomolewa palepale ambapo watu walikuwa wakikusanyika kusoma dhikri. Walibishana nao miaka mingi kama sisi. Kilichobadilika ni nani alikuwa na silaha.

Kwa hiyo nilipokea hukumu ya The Hague kwa furaha, lakini furaha yenye mashaka mawili.

La kwanza ni wanawake. Katika miezi ileile ya 2012, watu wa Timbuktu walichapwa viboko hadharani, wanawake walikamatwa kwa sababu ya mavazi, na kuna waliolazimishwa kuolewa na wapiganaji. Watetezi wa haki za binadamu walilalamika kwamba Al-Mahdi ameshtakiwa kwa majengo peke yake. Majaji wenyewe walikiri kwamba kosa dhidi ya mali, hata liwe zito, ni jepesi kuliko kosa dhidi ya watu. Mtu mwingine, Al Hassan Ag Abdoul Aziz wa polisi ya Kiislamu ya mji ule, alikutwa na hatia ya mateso na makosa mengine Juni 2024, miaka 12 baada ya matukio. Katika mashtaka ya ubakaji na ndoa za kulazimishwa hakupatikana na hatia. Mimi ni mwanamke. Siwezi kusoma ratiba hiyo ya haki bila kugundua nani alitangulia kwenye foleni.

La pili ni Makka. Januari 2002, ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waosmani mwishoni mwa karne ya 18 ili kuilinda Kaaba, ilibomolewa pamoja na kilima chake. Mahali pale sasa pamesimama minara ya hoteli na maduka, na mnara wake wa saa una urefu wa zaidi ya mita 600. Uturuki ililalamika, ikaambiwa hayo ni mambo ya ndani ya nchi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, kuba za makaburi ya Al-Baqii kule Madina zilisawazishwa. Kulikuwa na sababu ya dini, na baadaye ikaongezeka sababu ya nafasi: mahujaji ni mamilioni, lazima walale, lazima wapite. Sababu hiyo ni ya kweli, na mwenye mama mzee aliyehiji anaijua thamani ya lifti na ya kiyoyozi. Lakini matokeo kwa ukuta wa zamani ni yaleyale, uangushwe kwa mtaimbo au kwa tingatinga lenye kibali. Mahakama ya The Hague inamfikia mwalimu wa shule aliyefuata wapiganaji jangwani. Mwenye kibali cha ujenzi haimfikii.

Pamoja na hayo, hukumu ile ilifanya kitu ambacho sheria haifanyi mara nyingi. Agosti 2017 majaji walikadiria fidia ya euro milioni 2.7. Katika kuipanga waliwatazama wanaoishi kwa kazi ya vijumba vile, na waliwatazama wazao wa waliozikwa mle, kwa uchungu wa kuona kaburi la babu yao likivunjwa. Uchungu huo uliingizwa katika hesabu ya mahakama. Mali na UNESCO wao walipewa euro moja moja, ya ishara tu. Nilisoma sehemu ile mara mbili. Mtu akilia kwa kaburi, sheria ya dunia imesema kilio hicho si upuuzi.

Na wakati majaji wanapanga fidia, wenyewe Timbuktu walikuwa wameshamaliza kazi. Kuanzia Machi 2014 mpaka Julai 2015, mafundi wa mji, kwa msaada wa UNESCO na wafadhili, walijenga upya vijumba 14. Walitumia picha za zamani na kumbukumbu za wazee, lakini zaidi walitumia mikono, kwa sababu mikono yao ilikuwa ikivijua. Nyumba ya udongo haijengwi mara moja ikaisha. Msikiti wa Djingareyber, ambao asili yake ni mwaka 1327 zama za Mansa Musa, umefika leo kwa sababu watu wa mji hukusanyika kuukandika upya, wazee wakielekeza, vijana wakibeba udongo, kinamama wakileta maji. Ukiacha misimu michache, mvua inafanya kazi ya sululu. Februari 2016 vijumba vilirudishiwa heshima yake kwa kisomo cha Qurani na kuchinja wanyama.

Hili ndilo ninaloliamini baada ya yote. Mahali patakatifu hapalindwi kwanza na bango la UNESCO wala na kifungu cha sheria, ingawa vyote ninavitaka viwepo. Panalindwa na watu wanaorudi. Pale Tongoni kuna sheria ya mambo ya kale ya tangu 1964, na nguzo zimeanguka vilevile. Sheria inaweza kumfunga anayebomoa, lakini haiwezi kumlazimisha mtu aje na ndoo ya udongo. Na anayekuja na ndoo anahitaji kuwa na haki ya kuja, kwa imani yake na kwa mguu wake, bila kusubiri kila mtu mjini akubaliane naye.

Kaburi la Bibi liliamuliwa mwezi wa Desemba. Mama alikuwa amechoka na maneno, akamwendea mwalimu wetu wa madrasa, mzee aliyetufundisha sote alifu-be-te, Kaka akiwemo. Mwalimu hakutoa fatwa. Alimwita Kaka, akamkumbusha kisa anachokijua vizuri: Mtume alipomzika sahaba wake Uthman bin Madh’un alibeba jiwe kwa mikono yake, akaliweka upande wa kichwa, ili alitambue kaburi la ndugu yake na awazike karibu yake watu wa nyumbani kwake watakaofariki.

“Jiwe,” Kaka akaniambia kwenye simu. “Bila saruji, bila maandishi. Jiwe sina neno nalo.”

“Na nani atatuonyesha?”

“Nitawapeleka mwenyewe.”

Mama mdogo hakuridhika; mpaka leo anasema mamake amelala kama mtu asiye na watoto. Kaka naye haridhiki na sisi kwenda na marashi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunakwenda. Yeye husimama langoni, anatoa salamu kwa watu wa makaburini, anasoma dua yake fupi, halafu anatusubiri garini. Sisi tunang’oa majani, tunarudishia udongo uliochukuliwa na mvua, tunasoma Yasini. Jiwe ni la tumbawe, jeupe, la ukubwa wa mkate wa boflo. Limezama kidogo upande mmoja. Mwaka jana mwanangu, ana miaka 6, alitangulia mbele yetu kati ya makaburi, akasimama, akageuka na kutuita.

“Mama, ni hapa.”